Mpungate kama Malisho ya Mifugo: Unachotoa na Usichotoa

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwenye mkutano wa mwaka wa kamati za maendeleo za sharika, uliohudhuriwa pia na wahisani wetu. Tunaichapa yote kwa ombi la wajumbe.)



Nimeombwa kuzungumza juu ya mpungate, ambao wengine huuita dungusi kakati na wengine kakati tu. Sababu mnaijua. Mezani kwangu kuna maombi kutoka sharika kadhaa, na yote yanataka kitu kimoja: mpungate usio na miiba kwa ajili ya vikundi vya kopa mbuzi lipa mbuzi. Wageni wetu nao jana waliniuliza kwa nini tusipande hekta mia moja kwa mpigo, maana wameona picha za mashamba ya namna hiyo kutoka nchi nyingine. Naomba nijibu yote mawili leo, na nianze na bapa hili mnaloliona hapa mbele.

Tumezoea kuliita jani. Kitaalamu si jani, ni shina lililobapa. Asubuhi nimelipima kwenye mizani ya duka hapo chini, likaonyesha gramu 820. Nikilikausha kabisa mpaka lisiwe na unyevu, kitakachobaki ni kama gramu 80 tu. Kilichoondoka ni maji. Kwa kawaida bapa la mpungate ni maji kwa asilimia 90 hivi. Katikati ya kiangazi hupungua kidogo, baada ya mvua huongezeka. Kwa hiyo mtu anayebeba gunia la kilo 50 kutoka shambani kwenda kwenye banda la mbuzi amebeba lita 45 za maji na kilo 5 za chakula. Ukilikumbuka hilo, mengi nitakayosema yatakuwa mepesi kueleweka.

Katika hicho chakula kidogo kilichobaki, sehemu kubwa ni wanga na sukari zinazoyeyuka haraka tumboni. Hiyo ni nguvu, na mnyama anaipata upesi kuliko anavyoipata kwenye mabua. Kuna karotini, ambayo mwili wa mnyama huigeuza kuwa vitamini A. Mabua ya mtama na nyasi zilizokauka tangu Juni hazina tena kitu hicho. Madini ni mengi mno, karibu sehemu moja ya tano ya ukavu wote, hasa kalsiamu na potasiamu. Nyuzinyuzi ni chache. Na protini ni kidogo: katika kilo 1 ya mpungate mkavu utapata gramu 40 hadi 60, mara nyingi karibu na 40 kwa bapa lililokomaa kwenye udongo uliochoka kama wa kwetu. Mabapa machanga yana zaidi, na samadi huongeza. Lakini mbuzi anahitaji si chini ya gramu 70 katika kila kilo ya chakula kikavu ili tu asikonde, bila kutaja mimba wala maziwa.

Ninyi mliosoma kipeperushi tulichogawa wakati ule mtakumbuka kwamba hakikusema hivyo. Kipeperushi kile nilikiandika mimi.

Naomba nieleze yaliyotokea, maana wajumbe wa sharika moja hapa wanayajua, na si vizuri wayabebe wao. Mvua zilikatika mapema mwaka ule, mtama ukakauka ukiwa na masuke matupu, na kufikia Septemba malisho ya jumuiya yalikuwa vumbi. Nikaenda kwenye kikundi kimoja cha mbuzi nikawaambia wana bahati, kwa sababu ua wa zamani uliozunguka uwanja wao ulikuwa wa mpungate usio na miiba, mrefu kuliko mtu. Nikawaambia wakate, walishe, na wauze mabua yao kwa wenye ng'ombe ili wapate fedha ya mahindi. Nilikuwa nimesoma kwamba nchi nyingine mifugo imeokolewa kwa mpungate, na sikusoma ukurasa uliofuata.

Wiki ya kwanza mbuzi walikula kwa hamu, tukapiga picha. Wiki ya pili wakaanza kuharisha. Kinyesi kilikuwa kama uji wa kijani, mikia imeganda. Wanakikundi wakasema ni minyoo, wakachanga fedha ile ile ya mabua wakanunua dawa. Haikusaidia, kwa kuwa hapakuwa na minyoo. Kufikia Novemba mbuzi walikuwa mifupa, wawili wametupa mimba, na mmoja hakuamka. Afisa mifugo wa kata alipofika hakugusa hata mnyama mmoja kwanza. Aliuliza tu, "Na kingine wanakula nini?" Wote wakanitazama mimi.

Katika kikundi kile alikuwamo mama mmoja mjane ambaye mbuzi wake watatu walikuwa hawana shida yoyote. Hakuwa amekataa ushauri wangu mbele ya watu, maana ana adabu, ila nyumbani alifanya lake. Mabua yake hakuyauza. Aliyakata vipande vifupi kwa panga, akawapa mbuzi kwanza asubuhi, ndipo akawakatia mpungate kiasi. Jioni aliwapa maganda ya migunga waliyookota wajukuu. Nilipomuuliza ni nani aliyemfundisha, alisema, "Mwanangu, hata mimi ukinipa tikiti asubuhi, mchana na jioni, kiu itakwisha, lakini jembe sitalishika."

Nimesoma chuo kikuu miaka mitatu na sijapata maelezo mafupi kuliko hayo kuhusu lishe ya mpungate.

Sasa tuyaweke kwenye hesabu. Mbuzi wetu wa kienyeji mwenye kilo 30 hula karibu kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku. Mpeni kilo 5 za mpungate mbichi. Hapo amepata nusu kilo ya ukavu na, tuseme, gramu 22 za protini. Mwongezeeni nusu kilo ya mabua ya mtama au ya mahindi. Protini yake ni gramu 20 hivi. Jumla ni 42. Bado amepungukiwa gramu 30. Pengo hilo linazibwa na mashudu ya alizeti, gramu 120 tu kama mashudu ni mazuri, yaani konzi mbili za mkono wa mtu mzima. Kama mashudu yana maganda mengi, ongezeni konzi ya tatu. Asiye na mashudu atumie majani makavu ya lusina au maganda ya migunga. Kuna wanaotumia urea nchi nyingine, na kitaalamu inafanya kazi, lakini naiacha kwa makusudi. Ikizidi kidogo au isipochanganyika vizuri inaua mnyama, na sitaki kusimama tena mbele ya kikundi nikitazamwa vile.

Vitu hivi vitatu vinasaidiana. Ndani ya tumbo kubwa la mnyama anayecheua kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyomeng'enya mabua. Mpungate unavipa nguvu ya haraka, mashudu yanavipa protini, na vikishiba vyote viwili vinafanya kazi kwenye mabua ambayo vinginevyo yangepita karibu yalivyo. Mabua nayo yanauzuia mpungate usikimbie tumboni. Kule kuharisha hakukuwa ugonjwa wala sumu. Ni maji mengi, madini mengi na nyuzinyuzi chache kupita kwa kasi. Ndiyo maana mpungate usizidi nusu ya chakula kikavu anachokula mnyama, mabua yatangulie asubuhi, na mnyama azoezwe polepole kwa wiki moja au mbili.

Kuhusu madini niseme kwa kifupi. Kalsiamu ni nyingi kwenye maandishi, lakini sehemu kubwa imefungwa na kitu kiitwacho oksaleti, kwa hiyo mnyama haipati yote. Fosforasi ni kidogo, na sodiamu ni kidogo sana. Mfugaji anayelisha mpungate asikose jiwe la chumvi lenye madini bandani.

Mtaniuliza, kama ni hivyo, tunahangaika na mpungate wa nini? Si tulishe mabua na mashudu tu?

Jibu ni yale maji. Kilo 5 za mpungate zinampa mbuzi lita 4 na nusu, na hiyo ni karibu yote anayohitaji kwa siku. Watafiti wa Tunisia, ambako kondoo hulishwa mpungate na majani ya chumvichumvi kila kiangazi, wameonyesha kwamba kondoo anayekula mpungate wa kutosha hupunguza kunywa karibu mpaka sifuri. Sasa fikirini Oktoba ya huku kwetu. Mbuzi watano wanahitaji ndoo moja kila siku, na ndoo hiyo inatoka kisimani kichwani mwa mtu. Mnajua ni kichwa cha nani. Au mbuzi wanaswagwa kwenda bwawani, wanatumia mwendoni nguvu ile ndogo waliyoipata kwenye mabua, na wakirudi wamekonda kuliko walivyotoka. Mpungate unakaa nyuma ya nyumba ukiwa umehifadhi maji ya Januari mpaka Novemba bila tangi wala pampu. Mmea huu hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, wakati hewa ina ubaridi, na mchana unavifunga. Kwa hiyo kwa kiasi kile kile cha mvua unazalisha ukavu mwingi kuliko mtama. Hakuna tangi la bei hiyo.

Ninyi mlioomba mpungate wa "kushibisha mbuzi", nawaomba mbadilishe maneno kwenye fomu. Ombeni mpungate wa maji na nguvu, na kwenye mstari unaofuata andikeni mashudu.

Nije kwenye hekta mia moja. Wageni wetu wasinielewe vibaya. Nia ni njema na picha ni za kweli. Kaskazini-mashariki mwa Brazil kuna takriban nusu milioni ya hekta za mpungate wa malisho, na ng'ombe wa maziwa wa kule wasingekuwapo bila huo. Lakini zao hili lina historia ambayo mtu anayeandika bajeti lazima aijue, na sehemu moja ya historia hiyo iko ng'ambo ya bahari tu, kusini mwa Madagascar.

Kule Androy, nchi kavu kuliko zote kisiwani, mpungate wenye miiba uliletwa na Wafaransa mwaka 1769 pale Fort Dauphin ili kuwa ngome. Wenyeji wakauita raketa. Kwa vizazi kadhaa wakajenga maisha yao juu yake: ua wa kijiji, matunda ya kula wakati wa njaa, na juu ya yote malisho na maji ya ng'ombe, baada ya kuchoma miiba kwa moto. Ng'ombe wakaongezeka mahali ambapo pasingeweza kuwa na ng'ombe wengi kiasi hicho. Kuanzia mwaka 1924, wakati wa ukoloni, akaingizwa kisiwani mdudu mdogo anayekaa juu ya mpungate kama kipande cha pamba nyeupe. Ukimponda anatoa rangi nyekundu kama damu. Huyo ni kochinili. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 raketa yote ya kusini ilikuwa imeoza imelala chini. Ng'ombe wakafa kwa wingi, watu wakafa kwa njaa, wengine wakahama kwenda kutafuta vibarua mashambani mwa wengine. Baadaye aina nyingine za mpungate zilirudi, na katika ukame wa 2015 watu na mifugo ya huko waliutegemea tena kwa chakula na maji. Kwa hiyo sisemi mmea huu ni wa kuogopwa. Nasema watu waliegemea nguzo moja, na nguzo ikaliwa na mdudu.

Wala si habari za zamani tu. Miaka ya 2000 mdudu wa jamii hiyo aliteketeza mashamba mengi katika majimbo ya Pernambuco na Paraíba huko huko Brazil, mpaka wakulima wakahamia aina zinazomstahimili. Tangu 2014 yuko Morocco. Na Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ambako matunda ya mpungate huitwa beles na ni chakula cha kila kaya kuanzia Juni, mdudu wa jamii hiyo hiyo aliletwa miaka hiyo ya 2000 kwa mradi wa kuzalisha rangi ya kuuza nje. Hakubaki kwenye mashamba ya mradi. Mimi nikiwa mtu wa miradi, hiyo ndiyo habari inayoninyima usingizi zaidi ya zote.

Upande wa pili wa shilingi mnaweza kwenda kuuona kwa basi. Laikipia, Kenya, mpungate wenye miiba ulioletwa enzi za ukoloni kama ua umeenea kwenye malisho ya jumuiya. Tembo na nyani wanakula matunda na kutawanya mbegu. Mbuzi wakijaribu kuula wanapata vidonda mdomoni, na miiba midogo kama manyoya huingia kwenye ulimi na machoni. Wafugaji waliokuwa na nyasi sasa wana kichaka wasichoweza kupita. Kule ndiko kochinili ameletwa kwa makusudi ili aupunguze. Kwa hiyo mdudu wa jamii ile ile ni adui wa Tigray na ni msaada Laikipia. Na Australia waliwahi kupoteza hekta milioni 24 kwa mpungate kabla ya nondo wa kuula kuachiliwa mashambani mwaka 1926.

Kwa hayo yote, mapendekezo ya ofisi ni haya, na naomba kamati zijadili leo.

Tupande kwa kaya. Kaya yenye mbuzi watano, kwa kilo 5 kila mmoja, kwa siku 120 za kiangazi kikali, inahitaji tani 3. Mimi napiga hesabu ya tahadhari ya kilo 10 kwa shina moja kuanzia mwaka wa tatu, hivyo mashina 300. Kwa nafasi ya mita 1 kwa 2 hizo ni mita za mraba 600, hata robo eka haifiki. Iwe ndani ya boma na izungushiwe ua wa miiba ya mgunga, kwa sababu mpungate usio na miiba hauna ulinzi wowote. Mbuzi wakiingia mwaka wa kwanza watautafuna mpaka ardhini, na tutakuwa tumewapa kitafunwa cha siku mbili kwa fedha za mradi. Asiye na mbuzi asipewe.

Tupande mabapa, tusipande mbegu. Mbegu za mpungate usio na miiba zinaweza kuzaa wenye miiba. Matunda yachumwe yote yaliwe au yauzwe, yasiachwe kwa ndege na nyani. Mche wowote utakaoonyesha miiba ung'olewe siku hiyo hiyo, uchomwe. Mabapa ya kuanzia tutoe hapa hapa ndani ya dayosisi, kwenye nyua tulizokagua, na asilete mtu bapa kutoka nje ya mkoa kwenye buti la gari kwa sababu ameliona zuri safarini. Ndivyo mdudu anavyosafiri. Kila kamati iteue watu wawili wa kukagua kila mwezi, na wakiona pamba nyeupe waipige picha, wasiiguse, wanipigie simu.

Na bajeti. Wahisani wetu, najua shamba la kijani linapendeza kwenye ripoti, na gunia la mashudu halipendezi. Hata hivyo naomba nusu ya fedha hizi ziende kwenye mashudu na ghala la kuyatunzia. Alizeti ikivunwa na kukamuliwa, kuanzia Juni, mashudu yanauzwa hapa kwa bei ya chini na malori yanayabeba kwenda mijini. Oktoba mfugaji yule yule anayanunua kwa bei ambayo hawezi. Tukinunua Juni tukawauzia wanakikundi Oktoba kwa bei ya Juni pamoja na gharama ya ghala, mfuko utazunguka wenyewe. Kwangu mimi, kikundi chenye mashina 300 na hakina ghala hakijakamilika. Afadhali hata kile chenye ghala bila mpungate, kitaokoa mbuzi wachache.

Kile kikundi cha kwanza nimekirudishia mbuzi mmoja kwa niaba ya ofisi. Wale wengine waliokonda walipona baada ya mvua. Yule mama amekubali kufundisha vikundi vitatu vya jirani, kwa posho ile ile tunayomlipa mtaalamu akitoka mjini; hilo nimeshaliandika kwenye bajeti, na mhasibu ameshaniuliza kuhusu cheti chake.

Mabapa ya mgao wa kwanza yamelazwa kivulini nyuma ya ofisi tangu wiki iliyopita ili vidonda vya kukatwa vikauke. Ukipanda bapa bichi linaoza. Yanatosha sharika nne kwa sasa. Mfukie theluthi moja tu ardhini, sehemu isiyotuamisha maji, na msimwagilie mpaka mvua zianze. Katibu ana orodha. Ndugu Mwenyekiti, mimi nimemaliza. Afisa mifugo yuko hapa, maswali ya minyoo yaende kwake.